Akikasirika Husahau Mema Yote: Hisia na Kumbukumbu kwa Mtu Mwenye Tatizo la Haiba la Mpakani

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, shambani au kibandani sokoni, sogeza redio karibu. Na kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye leo anakuambia wewe ndiwe mama bora, na kesho anakuambia hujawahi kumpenda hata siku moja, basi mazungumzo ya leo ni yako.

Leo tutazungumzia hisia na kumbukumbu. Tutaona jinsi hasira, hofu, aibu na huzuni zinavyobadilisha yale ambayo mtu anakumbuka. Tutaangalia hasa watu wenye tatizo la akili linaloitwa tatizo la haiba la mpakani. Madaktari hulifupisha kwa herufi tatu: BPD. Ukiona herufi hizo kwenye kadi ya kliniki, ujue ni hilo.

Kwa nini mada hii? Tunapotembelea familia zenye mgonjwa wa aina hii, ugomvi tunaousikia mara nyingi ni wa maneno. "Ulisema." "Sikusema." "Ulinitukana mbele ya wageni." "Wewe ni mwongo." Mama anaona mtoto anamsingizia. Mtoto anaona mama anakana. Ugomvi huu unaweza kuonekana mdogo, lakini kwa mtu mwenye BPD, kuitwa mwongo wakati hisia zimepanda kunaweza kumfanya ajikate, anywe sumu au atoroke nyumbani usiku. Kwa hivyo tusikilizane vizuri.

Tatizo hili ni nini?

Haiba ni jinsi mtu alivyo: namna anavyojiona, anavyohisi na anavyoishi na wenzake. Kwa mtu mwenye BPD, hisia huja kwa haraka, hupanda juu sana, na huchukua muda mrefu kushuka. Jambo ambalo wewe ungelisahau kabla ya chakula cha jioni, yeye linaweza kumkosesha usingizi.

Neno "mpakani" lilitumiwa na daktari wa Marekani aitwaye Adolph Stern mwaka 1938. Aliona wagonjwa ambao hawakuingia katika makundi mawili ya magonjwa ya akili yaliyojulikana wakati huo, wakaonekana kama wako kwenye mpaka. Mwaka 1980 tatizo hili liliingizwa rasmi katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani. Leo tunalielewa kwa njia tofauti, lakini jina limebaki.

Dalili zake ni tisa, na daktari huangalia kama mtu ana angalau tano ambazo zimekaa naye kwa muda mrefu:

Moja, hofu kubwa ya kuachwa na watu anaowapenda.
Mbili, uhusiano wa kupanda na kushuka: leo anakusifu sana, kesho anakuchukia.
Tatu, kutojijua vizuri, yeye ni nani na anataka nini.
Nne, kufanya mambo kwa pupa, kama kutapanya pesa, kulewa au kufanya ngono ovyo.
Tano, kujikata, kujichoma, au kujaribu na kutishia kujiua.
Sita, hisia zinazobadilika saa hadi saa.
Saba, kuhisi utupu moyoni kila mara.
Nane, hasira kali isiyolingana na kosa.
Tisa, wakati wa msongo, kushuku watu au kujihisi kama hayupo, kama anajitazama kutoka mbali.

Kati ya watu 100, mmoja au wawili huwa na tatizo hili. Mara nyingi huanza kuonekana katika ujana. Lakini tafadhali, usimpe binti yako jina hili kwa sababu tu amefunga mlango kwa kishindo. Vijana wengi hukasirika. Anayeweza kusema kama ni BPD ni mtaalamu wa afya ya akili, baada ya kumsikiliza kwa muda.

Linatokana na nini? Sababu si moja. Kuna kurithi: wengine huzaliwa na hisia nyepesi kuguswa. Kuna na malezi: wengi wa wagonjwa hawa walidhulumiwa, walipigwa, walinajisiwa au walitelekezwa wakiwa wadogo. Wengi, lakini si wote. Kwa hivyo mama, usijihukumu, na jirani asikuhukumu. Na huu si uchawi, si mapepo, wala si ukaidi wa mtoto aliyedekezwa.

Kumbukumbu hufanyaje kazi?

Watu wengi hufikiri kumbukumbu ni kama kanda ya redio. Umerekodi, umehifadhi, ukitaka unacheza, na maneno yanatoka yale yale. Si hivyo. Kumbukumbu hupita hatua tatu. Kwanza, ubongo hupokea jambo. Pili, hulihifadhi. Tatu, hulitoa unapolihitaji. Na kila unapolitoa, ubongo hulijenga upya kutoka vipande vipande. Hisia huingia katika hatua zote tatu.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo kama la lozi, moja kila upande, inayoitwa amigdala. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa usiku: ikiona hatari, inapiga kamsa. Karibu nayo kuna sehemu nyingine inayoitwa hipokampasi. Hii ni kama karani wa ofisi: huandika jambo lilitokea lini, wapi, na nini kilitangulia.

Mlinzi akipiga kamsa, mwili hutoa homoni za msongo, kama adrenalini na kotiso. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka. Homoni hizi huuambia ubongo, "Hili ni kubwa, lihifadhi." Ndiyo maana mambo ya hofu hatuyasahau kwa urahisi. Lakini kelele ikizidi sana, karani hafanyi kazi yake vizuri. Anaandika lile jambo kuu na kuacha mengine.

Chukua mfano wa mtu aliyevamiwa na mwizi mwenye panga. Atalikumbuka panga vizuri sana. Lakini ukimuuliza mwizi alivaa shati la rangi gani, huenda asijue. Macho na akili vilikuwa kwenye panga. Hivyo ndivyo tulivyo sisi sote.

Jambo lingine: hisia uliyo nayo sasa huchagua utakachokumbuka. Mwaka 1981 mtaalamu wa Marekani, Gordon Bower, alieleza kwamba mtu mwenye furaha hukumbuka mambo ya furaha kwa wepesi, na mwenye huzuni hukumbuka ya huzuni. Hata wewe, ukigombana na mume wako asubuhi, makosa yake ya miaka kumi yanakuja yenyewe bila kuitwa. Mkipatana, unakumbuka alivyokuuguza ulipojifungua.

Kwa mtu mwenye BPD ni nini tofauti?

Ni mambo haya haya, lakini kwa nguvu zaidi. Nitataja matano.

La kwanza: mlinzi wake hupiga kamsa mapema. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu wenye BPD picha za nyuso huku wakipima kazi ya ubongo. Amigdala zao ziliamka zaidi kuliko za watu wengine. Baadhi yao waliona hata uso wa kawaida, usio na hasira wala furaha, kuwa ni uso wa kutisha. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sasa fikiria: umetoka shambani umechoka, umekunja uso kwa sababu ya jua. Binti yako anaona hasira. Anachohifadhi akilini ni kwamba "mama aliniangalia kwa chuki." Hajadanganya. Ndivyo ubongo wake ulivyopokea.

La pili: mabaya humnata. Mwaka 2000 watafiti wawili, Korfine na Hooley, waliwapa watu orodha ya maneno, kisha wakawaambia wayasahau baadhi yao. Watu wenye BPD walishindwa kuyasahau yale yaliyogusa majeraha yao, kama maneno ya kuachwa, kuliko watu wengine walivyoshindwa. Kwa hivyo unapomwambia mgonjwa, "Hebu sahau hayo, yamepita," unamwagiza jambo ambalo ni gumu kwake.

La tatu: hisia ya sasa hufunika mengine yote. Akiwa na hasira na wewe, mlango wa kumbukumbu nzuri hufungwa. Hakumbuki ulivyomlipia karo wala ulivyolala naye hospitalini. Kwake wakati huo wewe ni mbaya, na umekuwa mbaya siku zote. Hasira ikishuka, mlango unafunguka, naye anaweza kuja kulia na kuomba msamaha. Wengine humwona mnafiki. Si unafiki. Kila wakati alisema kile alichoweza kukiona.

La nne: mtu akiwa mbali, ni vigumu kwake kuushika upendo wake moyoni. Mtoto mchanga akimkosa mama hulia kana kwamba mama hatarudi. Mtu mzima wa kawaida anajua, "Mama ameenda mazishini, atarudi Jumapili." Mwenye BPD anajua hivyo kwa akili, lakini moyo haukubali. Ukikosa kupokea simu mara mbili, tayari anahisi ameachwa. Ndiyo maana anapiga mara ishirini.

La tano: mapengo. Hisia zikizidi kabisa, wengine hujitenga na yanayotokea. Wanasema, "Nilikuwa kama niko ndotoni," au "Nilisikia sauti zenu kutoka mbali." Wakati huo ubongo haurekodi vizuri. Baadaye huenda asikumbuke kwamba alitupa sahani au alisema maneno makali. Ukimwambia, "Unajifanya umesahau," unamwonea.

Lakini nisikilize hapa. Si kila mwenye BPD ana yote matano. Na wanapokuwa watulivu, wengi wao wana kumbukumbu nzuri ya kazi, masomo na mambo ya kila siku. Hawa si watu wenye akili dhaifu. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba, kwa wastani, hipokampasi na amigdala huwa ndogo kidogo kwa wenye BPD. Lakini hakuna picha ya ubongo inayoweza kukuambia kama mtu fulani ana tatizo hili. Usiuze mbuzi ukalipie picha hiyo bila daktari kukueleza sababu nyingine ya kuipiga.

Je, basi anayosema ni ya uongo?

Hili ni swali zito, akina mama. Jibu lina pande mbili, na zote mbili uzishike.

Upande wa kwanza: kumbukumbu iliyotiwa moto na hisia inaweza kukosea katika maelezo. Huenda hukusema maneno yale hasa. Huenda haikuwa mara tatu. Usipigane juu ya kila neno.

Upande wa pili: hisia kali haimaanishi kwamba jambo lenyewe halikutokea. Kumbuka yule aliyeona panga. Hakumbuki shati, lakini panga lilikuwepo. Mtoto au kijana akikuambia kwamba mjomba, jirani au mwalimu alimshika kwa njia mbaya, usiseme, "Huyo ni mgonjwa, anabuni." Watu wenye tatizo hili wengi walidhulumiwa kweli, na wadhalimu hupenda kuchagua mtoto ambaye hataaminiwa. Msikilize. Mwambie, "Asante kwa kuniambia, si kosa lako." Ikiwa ni jambo la karibuni, mfikishe hospitalini kabla ya saa 72 kwisha, apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi na huduma nyingine. Kisha ripoti polisi. Vituo vingi vina dawati la jinsia. Nambari ya simu ya watoto ni 116, na ya dhuluma za kijinsia ni 1195. Zote hazilipishwi.

Tufanye nini nyumbani?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nitakupa hatua saba.

Hatua ya kwanza: tuliza kabla ya kusahihisha. Hisia zikiwa juu, karani wa ubongo hasikii. Ukileta ushahidi wakati huo, unamwaga maji kwenye gunia. Punguza sauti. Keti chini. Wape watoto wadogo kazi nje.

Hatua ya pili: kubali hisia, si lazima ukubali shtaka. Hizi ni mbili tofauti. Akisema, "Mama, hujawahi kunipenda," usijibu, "Yaani na karo yote niliyolipa?" Jibu hivi: "Mwanangu, naona umeumia sana. Niko hapa." Hujakubali kwamba humpendi. Umekubali kwamba ana uchungu, na uchungu huo ni wa kweli.

Hatua ya tatu: msaidie mwili ushuke. Kupumua polepole, akitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta. Kunawa uso kwa maji baridi. Kutembea hadi kisimani na kurudi. Kutaja vitu vitano anavyoviona mbele yake, hasa akianza kujihisi yuko mbali. Mazoezi haya yafanyeni siku njema, ili siku mbaya mwili uwe umezoea.

Hatua ya nne: rudini kwenye jambo baadaye. Mwambie, "Hili tutalizungumza kesho baada ya chai," na ufanye hivyo kweli. Ukiahidi halafu usirudi, umethibitisha hofu yake kwamba humjali. Mkiketi, anza na kile alichohisi, kisha umwambie kwa maneno machache wewe ulivyoliona. Sema, "Mimi nakumbuka hivi, wewe unakumbuka vile. Hebu tuone tutafanya nini wakati ujao."

Hatua ya tano: tumieni daftari. Daftari la shule la kawaida linatosha. Mipango ya nyumbani iandikwe: nani atasafiri, atarudi lini, pesa kiasi gani zimetolewa. Mkikubaliana jambo, liandikeni mkiwa watulivu, na kila mmoja aweke sahihi. Daftari hili si la kumkamata mtu makosa. Ukianza kulitumia kama polisi, atalichoma.

Hatua ya sita: wekeni akiba ya mema. Kwa sababu siku ya hasira mlango wa mema hufungwa, aandike mwenyewe siku ya furaha, kwa mkono wake: "Leo mama alinipikia chapati. Tulicheka." Picha, barua, leso uliyomnunulia, hata ujumbe wa simu uliohifadhiwa, vyote husaidia. Ukisafiri, mwachie kitu chako na umwambie saa utakayopiga simu. Halafu piga saa hiyo.

Hatua ya saba: weka mipaka bila kumtishia. Unaweza kusema, "Ukinitupia vitu nitatoka nje kwa dakika kumi, kisha nitarudi." Kisha toka, na urudi. Lakini usiseme kamwe, "Nitakuacha, nimechoka nawe." Hayo ndiyo maneno yanayonata.

Maswali ya wasikilizaji

Mama mmoja aliuliza: "Binti yangu hujikata mikono. Majirani wanasema anatafuta tu kuonekana. Nimpuuze?"

Hapana mama, usimpuuze. Wengi hujikata ili kupunguza uchungu wa moyoni, si kwa maonyesho. Osha kidonda, kifunge, usipige kelele, na umpeleke kliniki. Muulize wazi: "Je, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo hilo, humpa nafasi ya kusema. Dawa za mifugo, za wadudu na za hospitali zifungie mahali asipopajua. Akinywa sumu, usimtapishe. Mkimbize hospitalini pamoja na chupa yenyewe.

Mwingine aliuliza: "Nikimpeleka hospitalini akiwa amejaribu kujiua, hatashikwa na polisi?"

Hofu hii imewazuia wengi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Mtu wa namna hii ni mgonjwa wa kutibiwa. Mpeleke bila kuchelewa.

Na wa tatu aliuliza: "Mwanangu husahau kila kitu, hata akiwa na furaha. Ni BPD?"

Kusahau kwa aina hiyo kuna sababu nyingine nyingi. Inaweza kuwa kifafa, jeraha la kichwa, huzuni ya ugonjwa, pombe, bangi, Ukimwi au upungufu wa usingizi. Hasa kama kuna degedege, kuumwa kichwa sana au kuchanganyikiwa ghafla, usingoje. Apimwe.

Matibabu yapo?

Yapo, na hii ndiyo habari njema ya leo. Tiba kuu ni ya mazungumzo. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, alibuni tiba inayoitwa tiba ya tabia ya dialektiki, na mwaka 1991 akachapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba inapunguza kujiumiza. Humfundisha mtu kutulia, kuvumilia uchungu bila kujidhuru, kutawala hisia na kuishi na watu. Mwaka 2011 mama huyu alitangaza hadharani kwamba yeye mwenyewe, akiwa msichana, alilazwa hospitali ya akili akijikata na kujichoma. Aliyeteseka ndiye aliyeleta tiba.

Hakuna dawa ya vidonge iliyotengenezwa kwa ajili ya BPD yenyewe. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2009 unashauri vidonge visitumiwe kutibu tatizo lenyewe. Lakini daktari anaweza kutoa dawa kwa magonjwa yanayoambatana nalo, kama huzuni ya ugonjwa. Akipewa, asiziache ghafla bila kumwuliza daktari, na wewe mama ndiwe uziweke.

Je, watu hupona? Nchini Marekani, Mary Zanarini na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliokuwa wamelazwa. Baada ya miaka 10, zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa wamepata kipindi cha angalau miaka miwili bila dalili za kutosha kuitwa BPD. Kurudi kikamilifu kazini na kwenye uhusiano mzuri kulikuwa kugumu zaidi. Nusu yao walifika hapo. Kwa hivyo safari ni ndefu, lakini njia ipo.

Uanzie wapi? Zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au nenda zahanati na uombe barua ya kupelekwa kwa mtaalamu wa akili. Hospitali nyingi za kaunti zina kliniki ya akili. Nairobi kuna Hospitali ya Mathari, na Eldoret kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Mtaalamu wa tiba ya Linehan huenda asipatikane karibu nawe, lakini mshauri nasaha mzuri anayemwona mgonjwa kila wiki bila kukatiza ni msaada mkubwa. Ukizidiwa, nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hutoa ushauri kwa simu bila malipo.

Na wewe unayetunza?

Mama, kuambiwa kila wiki kwamba hujawahi kupenda mtoto uliyemzaa kunachosha hadi mifupani. Usibebe peke yako. Tafuta dada, jirani au mwenzako wa chama mnayeaminiana, na mpokezane. Lala. Kula. Na wewe pia uwe na daftari la mema, kwa sababu uchungu hufunika kumbukumbu yako pia. Siku utakapoona kwamba mtoto huyu hana jema hata moja, jua kwamba hiyo ni hasira yako inayochagua, na uketi kwanza.

Tukumbushane

Kabla sijawaaga, turudie kwa ufupi.

Hisia kali huchagua kile ubongo unachopokea, unachohifadhi na unachokumbuka. Hii ni kwa watu wote, ila kwa mwenye BPD ni kwa nguvu zaidi.
Kukumbuka tofauti na wewe si kudanganya.
Tuliza kwanza, sahihisha baadaye.
Kubali uchungu wake hata kama hukubali shtaka lake.
Akitaja dhuluma, msikilize na uchukue hatua.
Andikeni mipango, na andikeni mema.
Dalili za kujiua ni dharura, kama vile mtoto mwenye homa kali na degedege.

Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutazungumzia mama aliyejifungua ambaye hulia kila siku na hajui sababu. Mwambie na jirani yako awashe redio. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Nawatakia jioni njema na subira nyumbani. Kwaherini.